Mume anasema nashinda nyumbani, theluji inasema vingine

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa tano usiku. Watoto wamelala, mimi nimekaa sakafuni karibu na hita nageuza glavu zikauke upande wa pili. Ziko tatu. Ya nne, ya mkono wa kushoto, ilizama kwenye theluji juzi na nadhani tutaonana nayo theluji itakapoyeyuka.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 4. Wa pili ni wa kike, ana miezi 7. Mume wangu anafanya kazi za zamu na mwezi huu wote amepangiwa usiku. Anaondoka kwa basi jioni, anarudi alfajiri gizani, analala mpaka saa saba mchana. Huu ni mwaka wetu wa pili kwenye nchi ya theluji. Mwaka jana nilikuwa na mtoto mmoja na ujauzito, theluji ikawa ya kupigia picha tu. Mwaka huu imenikaa kooni.

Nikusimulie asubuhi moja tu, ya Jumanne, chekechea ilipokuwa bado haijafungwa. Mkubwa nimemvalisha fulana, suruali ya ndani, soksi, sweta, ovaroli ya theluji, buti, skafu, kofia, glavu. Zipu ikakwama katikati ya kifua, ikawa haipandi wala haishuki. Mdogo nilikuwa nimeshamvalisha zamani, yuko kwenye kigari chake anatoka jasho na analia. Nikapambana na zipu mpaka ikakubali. Nimeshika kitasa cha mlango, mkubwa akasema, "Mama, mkojo."

Mama, nililia. Mtu mzima, mlangoni, na kofia kichwani. Mtoto akaniangalia, akasema, "Basi nitabana."

Nje gari halionekani. Niliwaweka ndani na makoti yao, nikawafunga mikanda, nikawasha injini wapate joto huku mimi nasukuma theluji na kuchimbua magurudumu kwa chepe. Nusu saa ikapita. Tuliporudi nyumbani kazi ikaanza kinyume: kuvua, kuanika, kudeki maji mlangoni, kuwapaka mafuta ngozi zilizopauka. Ikifika saa tisa na nusu alasiri giza linaanza kuingia. Mtoto anauliza kama tukalale, na mimi najua bado nina saa nne za kumshikilia.

Sasa siku hiyohiyo mume wangu aliamka, akaangalia sebule, akasema, "Mbona nyumba iko hivi, na umeshinda hapahapa?" Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana imeniuma zaidi, kwa sababu alikuwa anauliza kweli. Sikumjibu. Leo ni siku ya nne tunazungumza habari za nepi tu.

Juu ya hayo kuna Krismasi. Chekechea imefungwa mpaka Januari. Nimeahidi mti, nimeahidi zawadi, nimekaribisha familia mbili chakula cha tarehe 25, na usiku wa tarehe 24 tuna ibada ya mkesha. Majirani wote wamewasha taa za rangi madirishani, na nimejikuta nawachukia watu kwa taa zao. Mama mkwe anapiga simu ya video kila siku, neno la kwanza ni "Mbona mtoto hana kofia?" Mtoto yuko ndani, hita inawaka! Mume anasema niitikie tu ndiyo.

Siku nyingine naingia bafuni nafungulia maji ili nisisikie mtu. Nakaa dakika mbili, natoka. Mama, mimi ni mvivu? Au kuna kitu kwenye maisha haya wenzangu wanakijua na mimi sikijui? Na nimwambieje mume wangu bila kugeuka kuwa mke wa kulalamika?

Ni mimi,
Mama wa Glavu Tatu

---

Marahaba, mwanangu.

Mume atasubiri na mama mkwe atasubiri. Tuanze na gari, maana hilo halina kusubiri.

Usiwaweke tena watoto ndani ya gari linalowaka huku theluji imelizingira. Theluji ikiziba bomba la ekzosi, moshi unakosa pa kutokea na kaboni monoksidi inaingia walipokaa watoto. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtoto atalegea, wewe utadhani amesinzia kwa joto zuri. Kwanza chimbua nyuma ya gari mpaka bomba lionekane lote na pembeni yake pawe wazi, maliza kazi yako, ndipo uwalete. Ndani ya nyumba ni hivyohivyo: umeme ukikatika msiingize jiko la mkaa kujipasha, hata dirisha likiwa wazi. Na kama nyumba yenu haina kile kifaa cha ukutani kinacholia kikinusa hewa hiyo, basi hicho ndicho kiwe zawadi ya kwanza ya Krismasi.

Lingine la gari ni makoti. Mkanda ukifungwa juu ya koti nene unaonekana umekaza, kumbe umekaza hewa iliyomo kwenye koti. Gari likigonga, koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Mvalishe nguo nyepesi za sufu, mfunge mkanda kifuani, jaribu kuufinya begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja bado haujakaza. Halafu mfunike kwa koti lake, mgongo wa koti ukiwa mbele, mikono aipitishe kwenye mikono ya koti. Atapata joto na mkanda utafanya kazi yake.

Haya. Sasa tuongee.

Nimeisoma barua yako kalamu mkononi. Umetaja vitu tisa alivyovaa mwanao. Kuvaa tisa, kuvua tisa, hiyo kumi na minane kwa safari moja. Mkitoka mara mbili kwa siku ni thelathini na sita, na mdogo sijamgusa, wala wewe mwenyewe, wala kuanika, wala kudeki. Tulikokulia sisi wa nchi za joto, mtoto hutoka nje kwa kandambili, tena mara nyingi kandambili yenyewe anaikuta hukohuko nje. Hiyo ndiyo kazi uliyoongezewa, na hakuna aliyekuita kukuambia kwamba kuanzia Desemba utakuwa na kazi ya pili. Wewe si mvivu. Umeajiriwa bila barua.

Mumeo hajaiona kazi hiyo, na hapa nimtetee kidogo. Anaondoka giza, anarudi giza, na akiamka theluji imeshasukumwa, glavu ziko kwenye hita, sakafu imekauka. Alichobakiziwa kukiona ni sebule. Tena yeye mwenyewe hajui jua likoje mwezi huu. Mtu aliyelala mchana wa Desemba amelala sehemu kubwa ya mchana uliopo. Swali lake, kama ulivyosema mwenyewe, lilikuwa swali kweli. Basi lijibu, lakini usilijibu kwa maneno.

Kesho akishaamka na kuoga, mwambie hivi: "Leo mtoe huyu mkubwa nje, mimi nabaki na mdogo." Basi. Usitaje Jumanne, usitaje sebule. Kaa kwenye kiti mdogo akiwa mapajani, na, nakuomba sana, usimsaidie zipu. Akiuliza glavu ya nne iko wapi, mwambie hujui, kwa sababu hujui. Akifika mlangoni na mtoto akasema "mkojo", tazama dirishani. Nimeishi na ndoa miaka mingi na sijaona hotuba iliyoshinda dakika ishirini za namna hiyo.

Jambo lenyewe si kumkomoa, ndiyo maana nataka liwe la kila siku. Anaamka saa saba, giza linaingia saa tisa na nusu. Zile saa mbili na nusu ndizo mwanga wake pekee. Taa za sebuleni hutoa lux, yaani kipimo cha mwanga, mia chache tu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, utapata maelfu, na theluji mpya hurudisha juu zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Kwa mtu wa zamu ya usiku hiyo ni dawa, na mtoto wa miaka 4 anahitaji mahali pa kukimbia. Wewe katika saa hiyo unalala mdogo akilala. Nimesema unalala. Vyombo viache.

Theluji ya uani nayo mpe yeye, alfajiri akirudi, kabla hajavua buti. Bado ni giza, kwa hiyo haitamfukuzia usingizi, na buti tayari anazo miguuni. Aisukume, asiinyanyue, na asiiache mpaka mchana: theluji mpya kavu huwa chini ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, ikishaloa inafika kilo mia kadhaa, na hapo ndipo wanaume wanapoteguka migongo, na wenye mioyo mibovu wanaanguka na chepe mkononi. Chumvi ya kumwaga njiani inasaidia baridi ikiwa ya kawaida. Ikishuka kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri inakaribia kuwa kazi bure, mwageni mchanga ili miguu ishike.

Mlango wenu nao unahitaji sheria. Mkojo kwanza, kabla ya soksi ya kwanza, hata akiapa kwamba hana. Mkubwa avae kabla ya mdogo, mdogo awe wa mwisho kabisa, la sivyo atalia kwa jasho na atakuwa na haki. Miaka 4 inatosha kujivalisha koti: litandaze sakafuni limefunguka, ukosi uelekee miguuni kwake, ainame, aingize mikono, alirushe juu ya kichwa. Mara ya kwanza litakaa kichwa chini miguu juu, mtacheka. Baada ya wiki utakuwa umepunguziwa kitu kimoja katika vile thelathini na sita. Zipu isugue kwa mshumaa, meno yake yote pande mbili; nta inaifanya iteleze. Ndani mvalishe sufu badala ya pamba, maana pamba ikishaloa jasho inakaa na baridi mwilini. Na mdogo usimpime baridi kwa viganja, viganja vya mtoto mchanga ni vya baridi hata akiwa sawa. Gusa shingo, kwa nyuma.

Zile saa nne za giza jioni zinaniuma kuliko zote, kwa sababu nazikumbuka. Usijaribu kuzijaza zote. Ingiza theluji ndani. Chukua beseni, lijaze theluji safi, liweke juu ya taulo jikoni, mpe vijiko, vikombe na gari moja la kuchezea ambalo halijali maji. Nimeona mtoto akikaa na beseni hilo dakika arobaini, mpaka limegeuka maji na yeye anauliza theluji imekwenda wapi. Baada ya hapo kuoga, mapema tu, hakuna aliyesema watoto wanaogeshwa usiku. Mafuta wapake ngozi ikiwa bado ina unyevu. Hita zinakausha hewa, na mafuta juu ya ngozi kavu hayasaidii sana.

Saa kumi jioni ndiyo saa ya mama mkwe. Usimsubiri akupigie, piga wewe, egesha simu kwenye kiti, mwambie, "Mama, mjukuu anataka hadithi." Paukwa, pakawa, na wewe uko huru dakika ishirini. Mwanamke anayepiga simu kila siku kuuliza kofia anatafuta kazi ya kufanya kwa wajukuu asioweza kuwashika. Mpe kazi. Kuhusu kofia yenyewe, nje yeye ndiye mwenye haki, ndani una haki wewe, na kulala na kofia ndani ya nyumba yenye joto hakufai kabisa kwa mtoto wa miezi 7, anaweza kupata joto kupita kiasi. Mumeo ndiye amwambie hivyo, si wewe. Ni mama yake.

Sasa Krismasi. Umeahidi mambo manne, na wa kuyabeba ni wewe peke yako. Chagua mawili. Mti na zawadi, kwa mfano, au mti na ibada. Kama ibada ya mkesha ni ya usiku mno, ulizia ya asubuhi tarehe 25. Zile familia mbili zihamishie siku nyingine, na usione aibu, kwa sababu kalenda ya kanisa iko upande wako: msimu wa Krismasi hauishi tarehe 25, ndipo unapoanza, ukaendelea mpaka Epifania, sikukuu ya Tokeo la Bwana, Januari 6. Waorthodoksi wengi wanaofuata kalenda ya zamani husherehekea Januari 7, na sijasikia Yesu akilalamika. Tuma ujumbe leo: "Tumeona tuwapokee mwaka mpya, watoto wametubana." Huenda na wao wakashusha pumzi. Nao wana zipu zao.

Na taa za majirani. Mwanangu, mtu aliyewasha taa dirishani saa tisa alasiri anapigana na giza lilelile unalopigana nalo wewe.

Hapa nipunguze utani. Kuchukia taa, kulia mlangoni, kujificha na maji ya bomba: kimoja kimoja ni uchovu. Lakini una mtoto wa miezi 7, na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ya baada ya kujifungua haiji wiki za mwanzo tu, inaweza kuingia wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Kuna pia huzuni inayoletwa na msimu wenyewe. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na mpaka leo watu hutibiwa kwa kukaa mbele ya taa maalumu ya lux 10,000 kama nusu saa kila asubuhi. Sikuambii unayo. Nakuambia kama wiki mbili zimepita na karibu kila siku huoni raha ya kitu, au usingizi unakukimbia hata watoto wakiwa wamelala, nenda kliniki ya mdogo, mwambie muuguzi maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo, mumeo umwamshe. Ukiwa huko uliza vitamini D ya watoto na ya kwako. Majira haya jua la kaskazini liko chini mno kuifanya ngozi itengeneze ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe.

Jambo moja usije ukadhani nimekudanganya. Utasikia kwamba tarehe 21 au 22 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote na baada yake mambo yananyooka. Ni kweli siku inaanza kurefuka, lakini inarefukia jioni. Asubuhi itaendelea kuchelewa kidogo kwa siku kadhaa mbele, kwa hiyo ukiamka baada ya Krismasi ukaona giza ni lilelile, hujachanganyikiwa. Wewe tazama dirisha la jioni. Mpe mkubwa kazi ya kuangalia jua linazama nyuma ya paa gani, mtie alama na kalamu kwenye kioo kila Jumapili.

Ile glavu ya nne usiisubiri theluji iyeyuke. Nunua jozi mbili za rangi moja, zile za kidole gumba peke yake na vingine pamoja, zisizo na kushoto wala kulia. Ikipotea moja zitabaki tatu, na tatu ni jozi na ya akiba.

Mimi,
Mama